Namna ya Kuchagua Mkazo wa Nyuzi za Poliesta kwa Raketi ya Tenisi Katika Joto la Visiwani

Mtu anayempelekea fundi raketi yake ili iwambwe nyuzi za poliesta huulizwa swali moja tu, nalo ni ratili ngapi. Wengi hujibu kwa namba waliyoisikia kwa wenzao, au namba ya mchezaji mashuhuri, au ile waliyoizoea zamani walipokuwa wakitumia nailoni. Mwongozo huu unakusudia kumwezesha mchezaji wa Unguja au Pemba kulijibu swali hilo kwa hesabu inayotokana na raketi yake, mkono wake, mipira anayochezea na joto la huku kwetu. Shina la maelezo yote ni kwamba poliesta hupoteza mkazo upesi, na joto huuharakisha upotevu huo. Kwa sababu hiyo, mkazo wa kuufikiria ni ule utakaokuwa umebaki kwenye raketi baada ya siku mbili tatu za mchezo, wala si ule unaoonekana kwenye mashine siku ya kuwamba.

Ratili inayotajwa humu ndiyo ile inayoandikwa lbs kwenye fremu. Kilo moja ni sawa na ratili 2.2, hivyo ratili 44 ni kilo 20, ratili 48 ni kilo 21.8, ratili 50 ni kilo 22.7, na ratili 55 zinakaribia kilo 25. Inafaa kuzijua hesabu zote mbili, kwa sababu mashine nyingine hupimwa kwa kilo, na kosa la kugeuza namba huharibu kazi nzima.

Hatua ya kwanza: Fahamu poliesta inafanya nini

Nyuzi za poliesta zilipata jina kubwa mwaka 1997, pale Mbrazili Gustavo Kuerten aliposhinda mashindano ya Ufaransa akitumia nyuzi za kampuni ya Luxilon ya Ubelgiji. Tangu hapo wachezaji wengi wa kulipwa wamezihamia, ama raketi nzima, ama nusu kwa nusu pamoja na nyuzi za utumbo wa ng'ombe. Sababu ni mzunguko wa mpira. Uzi wa poliesta ni mgumu na unateleza. Mpira unapoburuzwa juu ya raketi, nyuzi za wima husogea pembeni, kisha hurudi mahali pake kwa nguvu kabla mpira haujaondoka, na kule kurudi ndiko kunakouongezea mpira mzunguko. Mchezaji anaweza kupiga kwa nguvu zote na mpira bado ukashuka ndani ya mstari.

Ugumu huohuo una gharama mbili. Ya kwanza ni mtikisiko unaopanda hadi kwenye kiwiko na bega. Ya pili ni kwamba poliesta haishiki mkazo wake. Katika saa 24 za mwanzo, hata raketi ikiwa imetundikwa ukutani bila kuchezewa, uzi unaweza kupoteza asilimia 10 ya mkazo, na pengine zaidi. Kitanda cha kamba kikilegea hukazwa upya kwa kamba ileile, lakini poliesta iliyolegea haina dawa isipokuwa kukatwa na kuwekwa mpya.

Jambo jingine la kulielewa mapema ni athari ya mkazo wenyewe. Mkazo mdogo huufanya mpira ukae kidogo zaidi kwenye nyuzi na kutoka kwa pembe ya juu zaidi, na kwa hiyo hutua mbali. Mkazo mkubwa huutoa mpira chini na karibu, na hivyo ndivyo wachezaji wanavyosema kwamba raketi iliyokazwa ina udhibiti. Kasi yenyewe ya mpira hubadilika kidogo sana. Mtu anayelegeza nyuzi akitarajia sevu yake, yaani pigo la kuanzisha pointi, iwe ya kutisha atavunjika moyo. Atakachokipata ni mpira mrefu zaidi na mkono uliopumzika.

Hatua ya pili: Amua kama poliesta inakufaa

Hatua hii hurukwa mara nyingi, na madhara yake ni makubwa, hasa kwa watoto. Mtoto anayejifunza mchezo hana kasi ya kuzifanya nyuzi hizi zisogee na kurudi, kwa hiyo hapati mzunguko wowote wa ziada. Anachokipata ni raketi ngumu inayoumiza mkono ambao bado unakua. Awekewe nailoni. Vivyo hivyo mtu mzima ambaye nyuzi zake za nailoni hukaa miezi bila kukatika, na mtu mwenye maumivu ya kiwiko, hana sababu ya kutumia poliesta, labda ikichanganywa kwa namna itakayoelezwa mbele. Kwa mwenye maumivu, kupunguza mkazo husaidia, lakini hakuigeuzi poliesta kuwa uzi laini.

Anayefaa ni yule anayepiga kwa mkono mrefu na wa kasi, anayekata nailoni kila baada ya wiki chache, na aliye tayari kubadilisha nyuzi kabla hazijakatika. Sharti hili la mwisho linagusa mfuko, nalo nitalirudia.

Hatua ya tatu: Pata namba ya kuanzia kutoka kwenye fremu yako

Kila raketi ina maandishi yanayotaja kiwango cha chini na cha juu cha mkazo, kwa kawaida upande wa ndani wa fremu karibu na koo. Raketi nyingi za watu wazima zinaandikwa ratili 50 hadi 60. Chukua namba ya katikati, yaani 55, kisha uipunguze kwa asilimia 10, kwa kuwa poliesta ni ngumu kuliko nailoni ambayo viwango hivyo viliizingatia kwa muda mrefu. Utapata kati ya 49 na 50, na hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia.

Kushuka chini ya kiwango kilichoandikwa hakuidhuru fremu. Kupanda juu yake ndiko kunakoweza kuipasua, na kwa poliesta hakuna sababu yoyote ya kufika huko.

Baadaye tazama mambo matatu. La kwanza ni ukubwa wa kichwa na idadi ya nyuzi. Raketi ya inchi 100 za mraba yenye nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo ndiyo mfano wa hesabu ya hapo juu. Ikiwa raketi yako ina kichwa cha inchi 98 au 95 na nyuzi 18 kwa 20, nyuzi zimesongamana na sehemu ya kupigia ni ngumu tayari, kwa hiyo anza na 46 au 47. Kichwa kikubwa cha inchi 105 au zaidi kinahitaji ratili mbili za ziada, kwa sababu uzi mrefu hulegea zaidi chini ya mpira. La pili ni unene wa uzi: milimita 1.30 hudumu na ni mgumu zaidi, milimita 1.20 huhisiwa laini na hukatika mapema, na 1.25 ni ya wastani inayomfaa mtu anayeanza na poliesta. La tatu ni mkono wako. Kama umewahi kuumwa kiwiko, shuka hadi 44 bila kuona haya.

Namba za wachezaji wakubwa zisikuhadae. Rafael Nadal alijulikana kwa kutumia ratili 55, na Mfaransa Adrian Mannarino amecheza miaka mingi na mkazo ulio chini ya ratili 30, na wote wawili wamefika mbali katika mchezo uleule. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba mkazo hufuata mtindo wa mtu. Pia wachezaji wa ngazi hiyo huingia uwanjani na raketi kadhaa zilizowambwa upya, kwa hiyo wao huicheza karibu namba ileile iliyokuwa kwenye mashine. Mchezaji wa kwetu mwenye raketi moja anayoibadilishia nyuzi kila baada ya miezi miwili hachezi namba aliyoitaja hata kwa wiki moja.

Hatua ya nne: Rekebisha kwa ajili ya joto, msimu na mipira

Hapa ndipo maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi yanapotupotosha zaidi. Kwanza niondoe hofu moja isiyo na msingi. Watu wengi wanaamini kwamba unyevu wa visiwani ndio unaolegeza nyuzi zao. Hilo ni kweli kwa utumbo wa ng'ombe, ambao hunyonya maji na kuharibika, na kwa kiasi fulani ni kweli kwa nailoni. Poliesta hainyonyi maji kwa kiwango cha kujali. Katika masika, wakati hata nguo kabatini zinanuka ukungu, uzi wa poliesta haulegezwi na unyevu.

Adui wake ni joto. Poliesta ni plastiki, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyolegea upesi, wala hairejei hali yake baada ya kupoa. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani wakati wa kaskazi linaweza kupita digrii 50 ndani kwa muda mfupi, na buti lake halina nafuu. Raketi iliyowambwa asubuhi na kuachwa humo mpaka saa kumi jioni imekwishapoteza sehemu ya mkazo ambayo ilikusudiwa kudumu kwa wiki. Vivyo hivyo raketi inayoachwa juu ya benchi la saruji kiwanjani. Iweke kwenye mfuko wake, kivulini, na nyumbani isitundikwe kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana. Naamini kwa dhati kwamba tabia hii peke yake ina manufaa kuliko mabishano yote ya ratili mbili juu au chini.

Baada ya kulinda nyuzi, rekebisha namba kwa msimu. Kuanzia Disemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na joto la mchana kupita digrii 30, mipira hudunda juu na nyuzi hulainika wakati wa mchezo, kwa hiyo anayecheza mchana anaweza kuongeza ratili moja au mbili. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ni baridi kiasi na mipira huwa mizito kidogo. Rudi kwenye namba yako ya kuanzia au shuka ratili mbili. Katika masika, ukicheza mara baada ya mvua kwenye kiwanja chenye madimbwi, manyoya ya mpira hunywa maji na mpira ukawa mzito kweli kweli. Siku hizo mkazo mdogo huokoa bega, ingawa kupumzika huokoa zaidi.

Kuna suala la mipira ambalo miongozo mingi huliacha, nalo kwetu ni kubwa. Kopo jipya ni ghali, na mipira huchezewa mpaka imekwisha pumzi. Mpira usio na pumzi hauruki, na mchezaji hulazimika kuusukuma kwa nguvu zake mwenyewe. Mtu anayechezea mipira ya namna hiyo siku zote asiongeze ratili za kaskazi hata kidogo. Kwake 46 inatosha mwaka mzima. Chagua mkazo kwa mipira unayoichezea, si kwa ile ya siku ya fainali.

Mwinuko nao una sehemu yake. Viwanja vyetu vyote viko karibu na usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito na huuzuia mpira. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Arusha inakaribia mita 1,400. Kule mpira huruka mbali, na ndiyo maana kuna mipira maalumu inayoruhusiwa kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Raketi iliyowambwa huko kwa ajili ya mchezo wa huko itaonekana ngumu na fupi ikifika Unguja. Aliye na safari ya kuja huku apunguze ratili mbili, na anayetoka huku kwenda bara ya juu aongeze mbili.

Upepo wa viwanja vya pwani, kama vile vya hoteli za upande wa mashariki na kaskazini, hautibiwi na mkazo. Huo hutibiwa na miguu.

Hatua ya tano: Zungumza na fundi kwa ukamilifu

Kutaja namba peke yake hakutoshi, kwa sababu mashine hazifanani. Mashine ya mkono yenye mpini wa kuzungusha huvuta uzi mpaka ufike namba iliyowekwa kisha hujifunga, na uzi huanza kulegea papo hapo wakati fundi anahamisha vibano. Mashine ya uzito unaoning'inia na ile ya umeme huendelea kuvuta mpaka uzi ubanwe. Kwa namba ileile, mashine ya kujifunga hutoa raketi laini zaidi. Ukihama kutoka mashine ya umeme kwenda ya kujifunga, ongeza ratili mbili au tatu. Ukihama kinyume chake, punguza.

Mwambie fundi mambo haya, kwa lugha ya adabu inayompasa mtu anayeshika kazi yako: "Fundi, naomba poliesta ya 1.25, ratili 48 wima na mlalo, uivute taratibu, na tafadhali niandikie tarehe." Kuvuta taratibu kuna maana kubwa, kwa sababu poliesta inayovutwa kwa pupa haipati muda wa kunyooka, na inalegea zaidi usiku ule wa kwanza. Ukimpata fundi anayefanya kazi kwa namna moja kila mara, usimwache kwa ajili ya mwingine mwenye mashine ya kisasa zaidi. Mkazo unaorudiwa sawasawa una faida kubwa kuliko mkazo uliopimwa vizuri mara moja.

Anayetaka kulainisha raketi bila kuiacha poliesta achanganye: poliesta katika nyuzi za wima, nailoni katika nyuzi za mlalo, na nailoni ikazwe kwa ratili mbili zaidi. Mzunguko hupungua kidogo na mkono hushukuru.

Hatua ya sita: Jaribu, na uandike

Iache raketi ilale usiku mmoja kabla ya kuicheza, ndani ya nyumba, ili upotevu ule wa mwanzo upite. Cheza nayo mara mbili kabla ya kutoa hukumu, kwa kuwa siku ya kwanza poliesta huwa na ukali ambao hautakaa. Katika mara ya pili, piga mipira mirefu ya kubadilishana na mwenzako kutoka mstari wa nyuma, ukipiga kwa kasi yako ya kawaida bila kujizuia, na utazame mipira inayokosea inaangukia wapi. Ikiwa mingi inapita mstari wa nyuma, ongeza ratili mbili utakapowamba tena. Ikiwa inaishia katikati ya kiwanja au kwenye wavu, au ikiwa kiwiko kinauma asubuhi yake, punguza mbili. Tofauti ya ratili moja ni vigumu kwa wengi wetu kuihisi, na tofauti ya tano hukufanya uanze kujifunza raketi upya.

Andika kwenye daftari au kwenye simu tarehe, aina ya uzi, unene, namba, mashine iliyotumika na ulichokiona. Zipo pia programu za simu zinazosikiliza mlio wa nyuzi zinapogongwa kwa kidole au kalamu na kukadiria mkazo. Makadirio yake yanaweza kutofautiana na mashine ya fundi, lakini yanafaa kwa kulinganisha raketi ileile leo na wiki ijayo. Kumbuka tu kwamba mlio hushuka polepole kuliko mkazo: mkazo ukipungua kwa asilimia 20, mlio hupungua kwa asilimia 10 au 11 hivi.

Hatua ya saba: Tofautisha mkazo usiofaa na uzi uliokufa

Hili ndilo ninaloliona likiwaumiza wachezaji wazuri. Poliesta mara nyingi hufa kabla ya kukatika. Nyuzi bado ni nzima kwa macho, lakini hazirudi tena mahali pake baada ya pigo. Mchezaji anazinyoosha kwa vidole kila baada ya pointi, mipira inaruka bila mpangilio, mmoja ndani na mwingine nje kwa pigo lilelile. Yeye hudhani raketi imelegea kwa sababu alichagua namba ndogo, na safari inayofuata anamwambia fundi aweke 54. Kwa wiki moja mambo ni mazuri. Kisha uzi unakufa tena, namba inapandishwa tena, na baada ya mara chache ana raketi ngumu mno na kiwiko kinachomzuia hata kuinua ndoo ya maji.

Kabla ya kubadilisha namba, uliza umri wa uzi. Kwa anayepiga kwa nguvu, poliesta huwa na uhai wa saa 10 hadi 20 za mchezo. Ikiwa mipira ilikuwa ikitua vizuri katika saa tano za mwanzo na sasa inapotea, namba yako ni sahihi. Kinachohitajika ni uzi mpya kwa namba ileile. Ikiwa ilikuwa ikipotea tangu siku ya pili, hapo ndipo pa kubadilisha ratili.

Katika viwanja vya ufukweni kuna kisababishi cha ziada. Mchanga laini na chumvi hukaa kwenye makutano ya nyuzi na kuzizuia kuteleza, hivyo uzi huonekana umekufa kabla ya wakati. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya mchezo, kisha zisogeze kwa vidole uone kama zinarudi.

Gharama ni kikwazo cha kweli, na njia ninayoipendekeza ni wachezaji kuchangishana wanunue kibiringo kizima. Kibiringo cha mita 200 hutoa raketi 16, kwa kuwa raketi moja hutumia karibu mita 12, na bei ya kila raketi hushuka sana ikilinganishwa na pakiti moja moja. Kihifadhiwe mahali pa giza na pa baridi, mbali na jua. Aliyetumia poliesta ya bei nafuu na kuikata kwa wakati atacheza vizuri kuliko aliyenunua ya bei kubwa na kuiacha miezi sita.

Uzi ukishakufa, ukate siku hiyohiyo, hata kama fundi hutamwona mpaka wiki ijayo. Anza katikati ya raketi na uende nje kwa kupokezana, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, ili fremu isivutwe upande mmoja. Ukiondoa vipande, angalia vibomba vya plastiki vilivyo kwenye matundu. Kilichopasuka au kulika kibadilishwe kabla uzi mpya haujapitishwa, kwa sababu poliesta ngumu ikigusa ukingo wa fremu hukatika hapohapo, wakati mwingine ikiwa bado iko kwenye mashine.